Nchi Isiyofika Siku ya Tatu

Watu wakisikia nimefika Karimia huniuliza kwanza niliingiaje. Kuingia si kazi, na sitapoteza wino kwa hilo. Kazi ni kuamka kesho yake ukaambiwa kuwa leo ni jana.

Mimi ni mchuuzi wa kalenda. Nimeuza kalenda katika nchi nyingi, zenye amani na zisizo na amani, na sikuwa nimepata kuona mtu anayeogopa kalenda. Pale mpakani afisa alizipokea kalenda zangu mia mbili kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Akamwita mwenzake. Wakaleta mikasi, wakaketi chini, wakaanza kukata. Kila ukurasa walibakiza tarehe mosi na tarehe mbili, na siku zote nyingine wakazitia guniani.

Nilipouliza, afisa alinijibu kwa upole, "Hizo hazitumiki hapa, mama."

"Hazitumiki vipi? Mwezi una siku thelathini."

"Kwenu," alisema.

Kisha akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Tatu binti Sefu. Kalamu ikasimama. Walinong'onezana wale wawili kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, halafu akaandika kwenye cheti changu: Pili wa Nyongeza binti Sefu. Hasira zilinipanda, lakini bunduki ilikuwa yake na jina lilikuwa langu, nikakipokea.

Sababu ya haya niliipata kwa vipande, na hapa naieleza kwa mpango mzuri kuliko nilivyoipata. Wakarimia wana methali ambayo hata kwetu ipo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu ni maneno ya kutaniana mjomba anapokawia kuondoka. Kwao ndiyo sheria mama. Kwa siku mbili mgeni hulala kitandani na mwenyeji akalala chini. Huchinjiwa kuku. Haulizwi atokako wala aendako. Siku ya tatu mwenyeji humpa jembe mkononi na kumwonyesha shamba. Akilipokea, ugeni wake umekwisha mbele ya watu wote na hana tena kitanda cha bure. Ni mlimaji kama wengine. Asipolipokea, anafunga mzigo wake.

Jirani zao ni Wasogeo, taifa ambalo mpaka wake una miguu. Siku moja mpaka huo ulitembea hadi katikati ya Karimia ukiwa na bunduki na magari ya chuma. Wanasheria wa Wasogeo walikuwa wameisoma vizuri mila ya wenyeji, kwa hiyo hawakutangaza vita. Walipiga risasi kila mlango, halafu wakabisha hodi.

Hodi jibu lake ni karibu, na Wakarimia hawakulelewa na jibu jingine. Basi Wasogeo wakawa wageni kwa mujibu wa sheria, na mpaka leo ni kosa kuwaita kwa jina lolote isipokuwa Wageni. Na kwa kuwa mgeni ana siku mbili, waliona njia nyepesi ya kukaa milele bila kuvunja mila ya mtu. Waliifuta siku ya tatu. Siku ya pili ikiisha hurudi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Huu ni mwaka wa ishirini na ngapi sijui, na Wageni bado wamefika jana.

Nilidhani ni upuuzi wa makaratasi tu, mpaka nilipotembea mitaani. Vitanda vyote vya Karimia vimelaliwa na wanajeshi, na wenyeji wote wako chini. Kuku walikwisha zamani, majogoo pamoja nao, kwa hiyo alfajiri huingia bila kutangazwa na mtu. Mtoto wa huko hupewa jina siku ya saba tangu azaliwe, na siku ya saba haipo. Nimesalimiana na vijana wenye ndevu wanaoitwa Wewe. Majembe yalikusanywa yakafungiwa ghalani, maana jembe linakumbusha, na watu wanalima kwa vijiti na kwa kucha. Nilimwona baba mtu mzima akipanda mahindi kwa kijiko. Nikamwuliza kwa nini asichonge walau jembe la mti. Aligeuka huku na huku, akaniambia, "Mama, punguza sauti."

Kilichoniuma zaidi ni jikoni. Kila mtu anajua kuwa chungu huinjikwa juu ya mafiga matatu. Wageni walipitisha Amri ya Mawili: kila nyumba ikatoa figa moja, na mawe hayo yakajengewa ukuta wa kambi. Hoja yao ilikuwa kwamba anayezoea jiko la mafiga matatu atazoea na siku tatu. Matokeo yake, chungu cha Karimia hukaa juu ya mawili, na upande ulio wazi mwanamke hukishikilia kwa mkono mpaka chakula kiive. Kila mwanamke niliyempa mkono nchini humo, kiganja chake cha kulia kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, kimeungua juu ya kuungua. Wanacheka nalo. Mimi sikuweza kucheka.

Nilipangiwa malazi na Sheha Machano, mzee wa mtaa, mwenyeji kwa damu na mtumishi wa Wageni kwa kazi. Ni mtu mwepesi wa methali. Alinipeleka kwa Bi Nunuu, akaniambia njiani kuwa ndiyo nyumba pekee isiyo na mwanajeshi.

"Kwa nini?"

"Ni nyumba ya matanga. Haina kitanda cha kugombewa, wala moto hauwashwi. Mgeni atafuata nini?"

Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Bi Nunuu alikuwa ameketi juu ya mkeka wa ukindu uliochakaa katikati ya chumba, miguu imevimba, kifua kinakoroma. Pembeni alikuwapo binti yake, Raya, msichana mrefu mwenye macho makavu. Nikasema pole kwa msiba, kama ipasavyo, nikauliza umetokea lini.

"Wageni walipofika," alisema Raya. "Nilikuwa na miezi minane. Mimi ni wa mwisho mwisho waliopata jina."

Nilimtazama yule msichana. Ana miaka ishirini na kitu. Jamani! Matanga ya miaka ishirini na kitu!

Desturi yao ni hii: mtu akifa, mkewe huketi mkekani, asiwashe moto, asitoke nje, mpaka siku ya tatu. Siku hiyo mkeka unaanuliwa, moto unawashwa kwenye jiko la marehemu, na walio hai wanarudi kwenye mambo yao. Siku ya tatu haikuja. Bi Nunuu akabaki pale pale, akilishwa na majirani, na Raya akipika kwenye jiko la jirani na kuleta chakula kwa mkono ule ule unaoungua.

"Marehemu alikuwa nani?" nikauliza.

"Faki, mhunzi wa majembe," alisema Bi Nunuu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Wageni walipoingia watu walijificha. Yeye hakujificha. Alikesha anafua jembe. Nilimwambia, Faki we, hawa watu si wageni. Akaniambia, wamebisha hodi, tumewajibu, sasa tumalize adabu yetu. Asubuhi ya siku ya tatu akalichukua akawapelekea. Jembe zuri, mpini wa mkwaju. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, mwenzangu. Alikuwa amewachagulia na shamba la kulima."

"Wakampiga risasi?"

"Kabla hajafika geti la kambi. Wakasema ana silaha. Jioni yake wakamwita Machano na wazee wengine, wakawaambia watie sahihi kuwa leo bado ni ya pili. Machano akatia."

Nilimtafuta Sheha Machano nikamwuliza kama ni kweli. Hakukataa. Alitazama viatu vyake, akasema, "Mwenye nguvu mpishe, dada yangu. Walikuwa wanataka kuchoma mtaa. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite."

Nilimpelekea Bi Nunuu jibu hilo. Alikohoa, akapumua, akasema, "Kombe tulilifunika. Mwanaharamu kaketi juu yake."

Sasa jambo lililomkosesha usingizi halikuwa Faki. Alijua anakufa, hata mimi nisiye tabibu niliona. Kwa desturi yao, mjane akifa kabla ya mkeka kuanuliwa, mkeka huo humwangukia binti. Raya ataketi hapo. Hataolewa, hatatoka nje, hatawasha moto, mpaka siku ya tatu, yaani mpaka na yeye atoke miguu mbele. "Mimi nimekaa, basi," alisema Bi Nunuu. "Sitaki na yeye amalizie maisha hapa nilipokaa."

Nilishindwa kujizuia. "Basi simama! Uanue! Nani atakuzuia? Siku si ya serikali!"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Nianue siku ya pili? Faki hakuwa mbwa. Ataanuliwa mkeka kwa siku yake, au siku yake iombwe."

Wanajeshi wale walikuwa wamevunja kila kitu, na huyu mama bado anaogopa kukosa adabu. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili kwa hasira, kisha nikarudi, nikamwandikia ombi.

Ombi lilisikilizwa na Baraza la Siku, linalokaa kwenye shule ya zamani. Shule ilifungwa kwa sababu hesabu inayoishia mbili haihitaji mwalimu. Kambini kwao, nilisikia, Wageni huhesabu mpaka mamia, hasa wakigawana mashamba. Mwenyekiti alikuwa Kanali Garoza, mtu safi, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Karibu naye aliketi mwanasheria mwembamba mwenye miwani, na nyuma yao wajumbe wenyeji wanane ambao kazi yao ni kutikisa kichwa.

Ombi lilisomwa: Bi Nunuu, mjane, mgonjwa, anaomba siku ya tatu moja, ya nyumba moja.

Mwanasheria alisimama. "Sisi tunaiheshimu mila yenu kuliko mnavyoiheshimu wenyewe," alisema. "Mila inasema mgeni asihesabiwe siku zake. Sisi hatuhesabu. Huyu mama ndiye anayehesabu."

Wajumbe walitikisa vichwa.

Mjumbe mmoja mwenyeji, mwenye duka, akapendekeza kwa woga kuwa labda mkeka uanuliwe pembe moja tu. Hapo mjadala ukapamba moto. Mwanasheria aliuliza mkeka una pembe ngapi. Mwenye duka akajibu nne. Akaonywa. Ikaamuliwa, baada ya majadiliano ambayo niliyasikiliza mpaka makalio yakafa ganzi, kwamba mkeka una pembe mbili, na tena pembe mbili. Je, ukiinua moja, zinabaki mbili na moja? Na mbili na moja si ndiyo ile wanayoikataa? Akaitwa fundi mkeka kutoa ushahidi. Akaletwa na mkeka wa mfano.

Nilisimama. "Mtu anakufa!" nilisema. "Mtu anakufa na nyinyi mnahesabu pembe!"

Kanali Garoza aliinua mkono kuwazuia askari wa mlangoni, si mimi. "Mama, tunakuelewa," alisema. "Lakini hatuwezi kuvunja mila ya wenyeji kwa ajili ya mwenyeji mmoja."

Sheha Machano alinivuta gauni niketi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alininong'oneza, sijui kwa mazoea au kwa uchungu.

"Apone nini, sheha? Mnapona kwa nini nyinyi?"

Hukumu ilikuwa hivi: siku ya tatu haiwezi kutolewa kwa sababu haipo. Lakini Wageni, kwa ukarimu wao, wameona mkeka wa mama umechakaa. Wanamzawadia mkeka mpya. Kanali mwenyewe atauleta siku ya kwanza itakapoingia, autandike juu ya ule wa zamani, na mpiga picha awepo. Wajumbe wakapiga makofi. Nilitamani kumpiga mtu.

Nilimpa Bi Nunuu habari hiyo nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji. Sikuyahitaji. Aliuliza, "Mkeka mpya juu ya huu?"

"Ndiyo."

"Juu ya mkeka wa Faki watatandika wa kwao." Akaanza kuhangaika na ukingo wa mkeka, na ndipo nilipoona kuwa ukingo wote, pande zote, ulikuwa na mafundo madogo madogo ya ukindu, maelfu, mengine yamesuguliwa mpaka yanang'aa. "Kila jua likizama nafunga fundo," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja waniletee siku ya tatu, kwa adabu. Kumbe zimepita hapa hapa mikononi mwangu. Nimezifunga mwenyewe. Raya!"

"Abee mama."

"Kesho asubuhi niinue."

Asubuhi tulimshika makwapa, mimi huku, Raya kule. Hakuwa na uzito wa kumchosha mtu. Alisimama, akaegemea ukuta, akasema yale maneno ya kuaga ambayo sikuruhusiwa kuyaandika, kisha akamwambia bintiye, "Anua."

Raya aliukunja mkeka. Chini yake sakafu ilikuwa imechimbwa. Kulikuwa na jiwe, limefukiwa nusu, mgongo wake mweusi kwa moshi wa zamani. Na kando ya jiwe lilikuwa limelala jembe, mpini wa mkwaju.

Raya alipiga magoti, akaushika mpini.

"Walipokuja kuchukua mafiga, moja nikalipenyeza chini ya mkeka nikalikalia," alisema Bi Nunuu. "Jembe la baba yako waliliacha barabarani kwa dharau, nikatuma likaokotwa. Nyumba zote walizipekua hadi darini. Lakini mkeka wangu waliuogopa. Kuuanua si ingekuwa siku ya tatu?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mgongo wangu huu, Raya, una umbo la jiko."

Lile jiwe tulilitoa, tukaliweka penye jiko baridi, pamoja na mawili yaliyobaki. Raya aliwasha moto. Kuni zilikuwa za majirani, na maharage machache pia. Aliinjika chungu. Kikakaa. Na hapo niliona jambo ambalo sitalisahau: chungu kimetulia juu ya mafiga matatu, hakiyumbi, hakidai kitu, lakini mkono wa Raya ulikwenda wenyewe ukakishika ubavuni, kwenye moto, kama ulivyofundishwa. Akautazama mkono wake. Akauondoa. Baada ya muda ukarudi tena. Mama yake akaukamata, akaukalisha mapajani mwake, wakabaki hivyo, na nikawaachia jiko nikatoka nje kulia.

Moshi kutoka nyumba ya matanga ulionekana mtaa mzima. Wanawake walikuja mmoja mmoja wakasimama uani. Hakuna aliyeuliza leo ni siku gani. Waliinama kutazama chungu, wakanyooka, na kila mmoja alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya kanga.

Ndipo Kanali Garoza alipofika na mkeka wake mpya, umefungwa utepe. Pamoja naye walikuwa askari wawili, mpiga picha na Sheha Machano. Alibisha hodi, kwa kuwa ni mtu wa sheria. Bi Nunuu alikuwa ameketi kizingitini, nje, juani, kwa mara ya kwanza tangu binti yake aote meno. Jembe lilikuwa magotini pake.

"Karibu mgeni," alisema.

Kanali aliona moshi. Aliona mkeka uliokunjwa. Aliona mafiga, na nilimwona akiyahesabu kwa macho mpaka mwisho. "Mama," alisema kwa ile sauti yake, "leo ni siku ya kwanza."

Bi Nunuu alijikongoja akasimama. Akaliinua jembe kwa mikono miwili, mpini mbele, kama inavyompasa mwenyeji. Askari wakakoki bunduki. Nilimsikia Raya akisema "Mama!" na nikajua tumerudi kwenye asubuhi ile ile, na kwamba atakufa kwa namna ile ile, na mimi nikiwa nimesimama hapo na kalenda zangu za siku mbili.

"Msipige!" alisema Kanali. Alimtupia jicho mpiga picha, akatazama wanawake walivyojaa uani. Akapata wazo la kisheria. Uso wake ukachangamka. "Hicho ni kielelezo. Silaha iliyofichwa. Ninaichukua mimi mwenyewe kama ushahidi."

Akampa askari mkeka wake wa utepe, akapiga hatua mbili na nyingine, akanyoosha mkono, akalishika jembe kwa mpini. Bi Nunuu akaliachia.

Nilisikia maharage yakichemka.

Sheha Machano alikuwa nyuma ya Kanali, kofia mkononi. Midomo yake ilitetemeka kama ya mtu anayekumbuka jina la zamani. "Amepokea," alisema, polepole.

"Amepokea," alisema mwanamke mmoja.

"Amepokea jembe."

Neno likapita uani, likaruka ukuta, likaingia mtaani. Kanali aligeuka kumtazama mwanasheria wake, lakini hakuwa amekuja naye. Alilitazama jembe mkononi mwake, na nadhani ndipo alipokumbuka alichokisoma juu ya mila ya wenyeji.

Raya alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Hakumwita Mheshimiwa Mgeni, kama sheria inavyotaka. Alinyoosha kidole, kile kiganja kilichoungua kikiwa wazi mbele ya watu wote, kuelekea upande wa mashariki ambako baba yake alikuwa amechagua.

"Shamba ni lile pale, bwana," alisema. "Jua halijawa kali. Anza."